Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kiswahili na Maandalizi ya Upandikizaji wa Uboho Mwambao wa Ziwa Viktoria

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufundishwa shuleni kama tamko la ukarimu, kisha hukaririwa katika mitihani na kusahauliwa. Hata hivyo, ipo wodi ambamo methali hii huacha kuwa tamathali na kuwa maelezo halisi ya tiba. Mgonjwa wa lukemia ambaye uboho wake umeacha kutengeneza damu njema, ukawa unazalisha chembe changa zisizo na kazi, hupokea seli za mtu mwingine, mara nyingi ndugu yake. Seli hizo ngeni hufanya makao ndani ya mifupa yake na kuanza kumtengenezea damu mpya. Mgeni huja, mwenyeji hupona.

Lakini mgeni huyo haji ghafla. Sharti nyumba ifagiliwe, na ufagio wenyewe ni mkali. Maandalizi ya mgonjwa huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Ndani yake mna vipimo, dawa, sindano na mionzi. Lakini juu ya yote hayo mna maneno. Mgonjwa huelezwa, huulizwa, huonywa, huombwa idhini. Ndugu yake huelezwa na kuombwa vivyo hivyo. Hapa ndipo swali linapozuka kwa wapenzi wa Kiswahili: maneno hayo husemwa kwa lugha gani, na je, anayeambiwa huyaelewa?

Jibu la dhati ni kwamba, katika hospitali nyingi nchini Kenya, fomu ya idhini huandikwa kwa Kiingereza. Daktari huieleza kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili cha haraka haraka, kisha mgonjwa hutia sahihi au alama ya kidole gumba. Hali hii haifai, na wenye wajibu wa kuibadilisha ni pamoja na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao aghalabu hudhani kuwa mambo ya hospitali si yao.

Uwanja wa mfano ni Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Port Victoria na Usenge hadi Homa Bay, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Eneo hili si geni katika historia ya saratani za damu. Saratani ya taya na tezi iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, na ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, na mwambao huu ni mojawapo ya maeneo hayo. Utafiti wa ugonjwa huo uliwafikisha Epstein, Achong na Barr kwenye ugunduzi wa kirusi kipya mwaka 1964. Kwa hiyo dunia imejifunza mengi kuhusu saratani kutokana na watoto wa ukanda huu wa Afrika. La kujiuliza ni iwapo wazazi wa watoto hao nao wamefunzwa kwa lugha wanayoielewa.

Wapo watakaosema kuwa upandikizaji wa uboho haufanyiki Kisumu, basi ya nini kuandaa istilahi za jambo lisilokuwepo? Hoja hii ina sura ya ukweli tu. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa Kenya wamekuwa wakisafiri India kwa tiba hii, baada ya familia kuchangisha mamilioni ya shilingi katika harambee. Ni kweli pia kwamba Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa makini kutokana na Bob Collymore, Mkurugenzi Mkuu wa Safaricom, aliyetibiwa London kwa miezi tisa kuanzia mwaka 2017 na kufariki Julai 2019. Hata hivyo, maandalizi hayaanzii kwenye ndege. Huanzia pale ugonjwa unapotambuliwa, pale ndugu wanapoitwa kupimwa, na pale familia inapoketi kuamua. Isitoshe, mgonjwa hurudi nyumbani baada ya kupandikizwa, na maisha yake huendelea kutegemea yale aliyoyaelewa kabla ya kuondoka.

Jirani naye ameshatangulia. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza huduma ya kupandikiza uboho, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu. Ugonjwa huo wa selimundu umeenea mno katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, hata kama wagonjwa wa lukemia wanaofikia hatua ya kupandikizwa ni wachache leo, lugha itakayotayarishwa kwa ajili yao itawafaa watoto wengi zaidi kesho.

Ili kuona uzito wa maneno katika tiba hii, inafaa hatua zenyewe zifuatwe moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza ni kuudhoofisha ugonjwa kwa dawa kali za saratani hadi chembe changa zilizo katika uboho zipungue na kuwa chini ya 5 kwa kila 100. Ili kujua hali hiyo, uboho huchotwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Hapa pana mtego wa kwanza wa lugha. Neno uboho ni neno zuri na la kale. Kila aliyewahi kugonga mfupa ukingoni mwa sahani anakijua kinachotoka. Lakini uboho na ubongo ni maneno yanayokaribiana mno kimatamshi, na kwa msikilizaji ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza tofauti hiyo ndogo yaweza kumpotea. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe atatolewa uboho akasikia ubongo ana haki ya kukataa. Mtego wa pili ni uti wa mgongo. Wengi huchanganya uboho wa mfupa na uti wa mgongo, wakaamini kwamba mchangiaji atapooza. Ukweli ni kwamba sindano huingia kwenye nyonga, mbali na uti wa mgongo, huku mchangiaji akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na uboho uliotolewa hujijaza tena katika muda wa wiki chache. Aidha, siku hizi wachangiaji wengi hawachomwi mfupani kabisa: hudungwa dawa kwa siku 4 au 5 ili seli shina zitoke mifupani na kuingia katika damu, kisha damu hupitishwa kwenye mashine inayozichuja. Sentensi mbili tatu za Kiswahili safi, zikianza na neno mfupa kabla ya neno uboho, zatosha kuondoa hofu ambayo kurasa kumi za Kiingereza haziwezi kuiondoa.

Hatua ya pili ni kumtafuta mchangiaji. Ulinganifu wa tishu hurithiwa nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mwenye ndugu 2 wa aina hiyo ana nafasi ya takriban 44 kwa 100 ya kumpata anayemfaa. Mwenye ndugu 4 ana takriban 68 kwa 100. Familia za mwambao wa ziwa, ambazo mara nyingi ni kubwa, zina utajiri hapa ambao familia nyingi za Ulaya hazina. Utajiri huo una thamani zaidi kwa kuwa Mwafrika hapati msaada sawa katika madaftari ya kimataifa ya wachangiaji. Takwimu za daftari la Marekani zimeonyesha kuwa mgonjwa mweusi ana nafasi ya takriban 29 kwa 100 ya kumpata mchangiaji anayelingana naye kikamilifu, ilhali mzungu ana takriban 79 kwa 100.

Lakini neno ndugu lenyewe ni mtihani. Kwa Kiswahili, ndugu ni aliyezaliwa nawe, ni binamu, ni mtu wa ukoo, ni mwenzako wa dini, hata ni mwanasiasa jukwaani. Kwa desturi ya Waluo vilevile, mtoto wa baba mdogo huitwa ndugu bila kigugumizi. Daktari akiuliza, "Una ndugu wangapi?" mgonjwa atajibu kwa uaminifu kuwa anao 15, na 13 kati yao wakapimwa bure kwa gharama isiyo ndogo. Katika nyumba ya wake wengi, ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hafai kuhesabiwa sawa na wa tumbo moja, ingawa tiba ya kisasa yaweza kumtumia hata mzazi au ndugu anayelingana nusu. Kiswahili kina njia ya kulisema hili: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kinachohitajika ni kwamba swali liandikwe hivyo, na liulizwe hivyo kila mara. Mwanafunzi wa semantiki aliyejifunza darasani kuhusu upana wa maana atagundua kuwa somo lake laweza kuokoa fedha na muda wa mtu anayekabiliana na kifo.

Hatua ya tatu ni ukaguzi wa mwili mzima. Moyo, mapafu, ini na figo hupimwa. Meno hukaguliwa, kwani jino bovu ni mlango wa maradhi. Mgonjwa na mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini, na maradhi mengine yanayoweza kujificha. Kwa watu wa ukanda wa ziwa, malaria na kifua kikuu si mambo ya kupuuzwa. Katika hatua hii pia kuna jambo ambalo wengi huliogopa kulitamka: dawa zitakazofuata zaweza kumfanya mgonjwa asizae tena. Kijana wa miaka 20 anapaswa kuambiwa hili mapema, kwa sababu mbegu za uzazi zaweza kuhifadhiwa kabla ya dawa kuanza, na baadaye haiwezekani. Kiswahili kina maneno ugumba na utasa, na kina tafsida nyingi za kuyafunika. Tafsida ni pambo la adabu, lakini ikizidi huwa pazia. Katika jamii inayothamini kuachiwa jina, kumficha kijana habari hii kwa kisingizio cha adabu ni kumnyima uamuzi ambao ni wake peke yake.

Hatua ya nne ndiyo yenye kutisha zaidi. Mgonjwa hupewa dawa kali kama vile busulfani na saiklofosfamaidi, au hupigwa mionzi mwili mzima, ili uboho wake mgonjwa uangamizwe na nafasi ya mgeni ipatikane. Siku huhesabiwa kinyumenyume: siku ya saba kabla, ya sita, ya tano, hadi siku ya sifuri, ambayo ni siku ya kupokea seli. Na hapa neno kupandikiza lenyewe huweza kupotosha. Aliyesikia habari za kupandikiza figo hutarajia chumba cha upasuaji, ilhali siku ya sifuri mgonjwa hutundikiwa mfuko mdogo unaofanana na wa damu, ukatiririka mshipani, basi. Familia ambazo hazikuelezwa huuliza kama mamilioni yao yamelipia mfuko huo tu. Waliofanya kazi ya kuifikisha tiba hii hapa ilipo walihangaika miaka mingi, E. Donnall Thomas, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya awali mwaka 1957, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Katika hatua hiyo ya nne kuna jambo ambalo huamua uhai. Mchangiaji ni mtu huru. Anaweza kukubali leo na kukataa kesho, na hakuna sheria inayoweza kumlazimisha. Lakini dawa za kuangamiza uboho zikishaanza, mgonjwa hana pa kurudi. Ndugu akighairi siku ya tatu kabla ya siku ya sifuri, mgonjwa hubaki bila uboho wake wa zamani na bila mpya, na yamkini atafariki. Kwa hivyo mchangiaji hastahili kuuliza maswali yake baada ya kutia sahihi. Anastahili kuyauliza kabla, kwa lugha anayoiotea ndoto, mpaka hofu yake iishe au akatae mapema bila lawama. Idhini isiyoeleweka si idhini. Ni wino tu juu ya karatasi, na wino huo unaweza kumgharimu mtu maisha.

Hatua ya mwisho ni ya kungoja. Kwa wiki 2 hadi 4 mgonjwa hukaa bila kinga, katika chumba cha peke yake, akila chakula kilichopikwa kikaiva barabara, huku wageni wakizuiwa. Katika utamaduni ambamo ukoo mzima huja kumwona mgonjwa, kuzuiwa mlangoni bila maelezo ni tusi. Kisha huja hatari inayoipindua methali ya wahenga: mgeni aweza kumshambulia mwenyeji. Seli za mchangiaji zaweza kuuona mwili wa mgonjwa kuwa ndio mgeni, zikaushambulia ngozi, utumbo na ini. Dalili zake ni vipele, kuharisha na macho kuwa ya manjano. Mgonjwa aliyerudi Mbita au Asembo akapata homa usiku hapaswi kumeza dawa ya malaria na kungoja asubuhi. Anapaswa kukimbizwa hospitalini saa ileile. Iwapo onyo hilo lilitolewa kwa Kiingereza cha haraka, limebaki uwanja wa ndege.

Sheria za nchi haziwezi kulaumiwa hapa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mtoa huduma, kadiri inavyowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika utafiti wa kitabibu hili limekuwa likitendeka kwa muda mrefu. Tafiti zinazofanyiwa watu wa Kisumu na Siaya hulazimika kuwa na fomu za idhini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili au Dholuo, na kamati za maadili hukataa zisizo nazo. Je, yawezekanaje mtu aelezwe kwa lugha yake anapotoa damu kidogo kwa ajili ya utafiti, na aelezwe kwa lugha ya kigeni anapoingia katika tiba inayoweza kumuua?

Pingamizi la kwanza husema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Pingamizi hili limejibiwa zamani. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno UKIMWI lilizaliwa kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa herufi sita likamweleza mwananchi kile ambacho ugonjwa hufanya. Selimundu ni neno lililotungwa kwa ustadi: seli yenye umbo la mundu, na mkulima yeyote analiona umbo hilo akilini. Watu nao wana vipawa vyao. Hospitali kuu ya Kisumu, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Wananchi waliiita Russia, na jina hilo limedumu kuliko mabango ya serikali. Lugha ambayo watu wake wana wepesi huo haiwezi kuambiwa haina maneno.

Pingamizi la pili ni kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa mambo ya seli. Mwambao wa ziwa wenyewe ni ushahidi wa kinyume. Eneo hili liliathiriwa na UKIMWI kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, na katika miaka hiyo ya huzuni wavuvi, wachuuzi wa samaki na akina nyanya waliolea wajukuu yatima walijifunza kuhesabu seli za kinga zao, kujua saa za kumeza dawa na kutofautisha kupona na kupunguza makali. Walielewa kwa sababu walielezwa tena na tena, kwa lugha zao, na watu waliowaheshimu.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: lugha ya mwambao huu ni Dholuo, wala si Kiswahili. Ni kweli, na mzee wa Uyoma anayeielewa Dholuo pekee hana budi kuelezwa kwa Dholuo. Lakini Kisumu ni mji wa Waluo, Waluhya, Wakisii, Wanubi, Wahindi na wengineo, na muuguzi wa zamu huenda ametoka Meru au Kilifi. Kiswahili ndicho daraja lao. Aidha, maandishi yaliyotungwa kwa Kiswahili kizuri, yenye sentensi fupi na mifano ya nyumbani, hutafsirika kwa Dholuo kwa urahisi kuliko Kiingereza cha wanasheria wa hospitali. Kiswahili hakiji kuing'oa Dholuo. Kinakuja kuibebea mzigo hadi mlangoni.

Basi ni kipi kifanyike? Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho umbali mfupi kutoka Kisumu, kina wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa udaktari katika taasisi moja. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, huko na kwingineko, vinaweza kuanza na kijitabu kimoja cha kurasa chache: mgonjwa wa lukemia na ndugu yake wanapaswa kujua nini kabla ya upandikizaji. Istilahi zake zisizidi 30. Lukemia iitwe lukemia, kwa kuwa saratani ya damu ni jina la maradhi kadhaa, uboho uelezwe kila unapotajwa mara ya kwanza, ndugu afafanuliwe. Madaktari wahakiki ukweli wake, na mtu mwingine aurudishe kwa Kiingereza bila kuona asilia ili makosa yafichuke. Kisha, na hili ndilo muhimu kuliko yote, kijitabu kisomewe wagonjwa na jamaa zao, nao waombwe kueleza walichoelewa. Istilahi isiyoeleweka na mama wa Dunga irudishwe karakana, hata kama imepitishwa na maprofesa kumi.

Kwa miaka mingi tasnifu za Kiswahili zimechambua riwaya, tamthilia na mashairi, na kazi hiyo ni njema na iendelee. Lakini mazungumzo ya daktari na mgonjwa nayo ni matini. Yana wahusika, yana ukimya, yana tafsida na yana kilele, na mwisho wake hauandikwi na mtunzi. Msomi wa isimu-jamii anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Benchi la kliniki ya saratani limejaa watu wanaongoja kufasiriwa maisha yao.

Shime, wana wa Kiswahili. Lugha haikui kwa kusifiwa katika makongamano bali kwa kutumwa kazi, na kazi hii ni nzito na ya heshima. Mgeni ataendelea kuja, kwa mfuko mdogo uliotundikwa juu ya kitanda. Ni haki ya mwenyeji kujua jina la mgeni huyo, alikotoka, na jinsi ya kumpokea.